Zizi Tupu Ndilo Humleta Ombaomba Mjini

Kila asubuhi konstebo wa trafiki anapofika kwenye makutano yake katika jiji la Kampala, aghalabu huwakuta watu waliomtangulia kushika zamu. Ni watoto wadogo, baadhi yao wa miaka mitatu au minne, wamekaa kando ya taa za barabarani, miguu wameinyoosha mbele na mikono wameikinga juu. Hawalii wala hawasemi mengi. Gari likisimama huinua mikono, likiondoka huishusha. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mti au nyuma ya ukuta, yupo mama au dada mkubwa mwenye mtoto mwingine mgongoni, naye anatazama. Jioni konstebo amalizapo kazi yake na kwenda zake, watoto hao bado wapo.

Tunaandika tahariri hii kwa ajili ya askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu wao ndio walionalo jambo hili katika ncha zake zote mbili. Polisi wa jijini humwona mtoto wakati amekwisha kuwa mkono uliokingwa. Askari wa jeshi aliyepangwa Karamoja humwona mtoto yule yule, au ndugu yake, kabla hajapanda basi. Ni nadra wawili hawa kukutana wakasimuliana. Maadam hali ni hiyo, yatupasa kuziunganisha ncha hizo mbili, kwani aijuaye moja tu hutoa amri isiyofaa, na amri zisizofaa juu ya ombaomba tumekwisha kuziona nyingi.

Wakazi wengi wa mjini wana jibu lao tayari. Husema kwamba watu hawa ni wavivu, kwamba wamezoea vya bure, au kwamba ni mila yao. Jibu hili twalikataa kabisa, wala si kwa huruma tupu. Yeyote aliyepata kufanya doria katika Karamoja anajua ni nani ajengaye nyumba huko: ni mwanamke. Ni yeye akataye miti ya ua, aezekaye paa, alimaye shamba la mtama, atekaye maji mbali na kutafuta kuni mbali zaidi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mvivu na mtu ambaye kazi yake nzito ya asubuhi ni kupandisha kioo cha gari. Ikiwa mwanamke huyo ameacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akaja kulala Katwe au Kisenyi katika chumba kinacholipiwa kwa usiku, basi kuna jambo lililomwondoa. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

Karamoja iko kaskazini-mashariki mwa Uganda, inapakana na Waturkana wa Kenya na pia na Sudan Kusini. Wakati sehemu nyingi za nchi yetu hupata mvua mara mbili kwa mwaka, Karamoja huipata mara moja tu, yapata kuanzia Aprili hadi Septemba, nayo hunyesha itakapo: leo hapa, kesho kule, na katikati ya msimu huweza kukatika wiki nyingi hata mtama ukakaukia shambani. Kwa sababu hiyo wazee wa Karamoja hawakuweka maisha yao juu ya jembe peke yake. Walikuwa na makao mawili. Yapo manyata, ambapo wanawake, wazee na watoto hukaa na kulima. Na liko zizi la malisho, ambalo vijana hulihamisha kufuata majani na maji. Mtama ukikosekana, yapo maziwa na damu ya ng'ombe, na ng'ombe mmoja huweza kuuzwa kununua nafaka. Huo haukuwa ujinga, kama watawala wa Kiingereza walivyodhani walipolifunga eneo hilo, wakawa wakitaka kila mgeni awe na kibali cha kuingia. Ilikuwa ni hesabu ya watu wanaoijua nchi yao. Miguu ya maisha hayo ni miwili, na ukiukata mmoja mtu huanguka.

Sasa tuseme ni nani aliyeukata. Hapa ndipo habari yenyewe inapowahusu wasomaji wetu zaidi kuliko wanavyofikiri.

Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, askari waliokuwa katika kambi ya Moroto walikimbia. Ghala la silaha liliachwa bila mlinzi. Watu wa jirani, hasa Wamatheniko, waliingia wakachukua bunduki na risasi kwa wingi. Uvamizi wa mifugo ulikuwapo tangu zamani, lakini wa mikuki ulikuwa na mipaka yake: vijana walipigana, wazee wakasuluhisha, ng'ombe wachache wakahama. Bunduki ya vita haina kipimo hicho. Jamaa waliopata silaha waliwageukia majirani wasiokuwa nazo, na miongoni mwa waliopatwa vibaya ni Wabokora, ambao nchi yao leo ni wilaya ya Napak. Mazizi yao yalisombwa. Hapo hapo mvua ikakosekana, na mwaka 1980 ikaja njaa ambayo wazee wa Karamoja hawajaisahau. Uchunguzi wa madaktari uliochapishwa mwaka 1981 ulikadiria kwamba katika eneo walilolipima, karibu mtu mmoja kati ya kila watano alikufa, na watoto wachanga walikufa zaidi ya nusu.

Wabokora waliosalia bila ng'ombe walianza kutoka. Walikwenda Teso, walikwenda Mbale, Busia, Jinja, na mwisho Kampala. Kwa hiyo polisi anayeuliza kwa nini wengi wa ombaomba wa Kikaramojong hutoka Napak, wala si kila wilaya kwa kadiri moja, jibu lake halipo katika tabia za watu wa Napak. Limo katika mlango wa ghala lililoachwa wazi na watu waliovaa sare. Askari wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwa hawajazaliwa wakati huo, nao hawana hatia yoyote. Lakini ni vizuri kujua kwamba lindo lililokimbiwa usiku mmoja huweza kuzaa ombaomba miaka arobaini baadaye.

Serikali iliamua kukusanya bunduki hizo. Kazi ilianza Desemba 2001, kwanza kwa hiari. Watu waliosalimisha silaha waliahidiwa plau za kukokotwa na ng'ombe, mabati na, zaidi ya yote, ulinzi. Wabokora, ambao tayari walikuwa wamechoshwa, walitoa nyingi. Lakini mwaka 2002 vikosi vingi vilihitajika kwenda kuwafuata waasi wa Kony hadi Sudan, na wale waliotii amri ya serikali wakabaki mikono mitupu mbele ya wale ambao hawakutii. Walivamiwa. Hapana askari asiyejua maana ya jambo hilo: ukimwambia mwenzako aweke silaha chini kwa kuwa wewe unamlinda, kisha ukaondoka, hatakuamini tena kwa urahisi.

Mwaka 2006 kazi ikaanza upya, na safari hii ikawa kwa nguvu, kwa njia ya kuzingira manyata alfajiri na kupekua. Hatuna budi kusema ukweli, kwani uongo haumsaidii askari: katika siku zile yalitendeka mambo ambayo hayakustahili kutendwa na jeshi la wananchi. Watu walipigwa, nyumba zilichomwa, na raia waliuawa. Pamoja na hayo, tangu yapata mwaka 2010 usalama ulikuja kweli. Barabara zilipitika, masoko yakafunguka, na mtu aliweza kutembea kutoka Moroto hadi Kotido bila hofu aliyoizoea. Sifa hiyo ni ya askari, nasi twaitoa bila kusita.

Lakini liko jambo moja dogo la siku hizo ambalo twapenda kulitilia mkazo, maana halikuandikwa katika ripoti nyingi za ushindi. Ili kuwalinda ng'ombe wasivamiwe, mifugo ya watu wengi iliwekwa pamoja katika mazizi ya ulinzi karibu na kambi za jeshi. Kijeshi mpango huo ulieleweka. Ng'ombe walihesabiwa, walindwa, na mvamizi alijua atakutana na nani. Hata hivyo zizi lilikuwa mbali na manyata. Mama hakuweza kutembea kila alfajiri na jioni kwenda kukamua, na watoto walibaki huko huko bila maziwa. Ng'ombe nao, wakibanana mahali pamoja na kuchelewa kutoka malishoni kwa sababu ya saa za ulinzi, walikonda na kupata magonjwa. Katika daftari la kambi ng'ombe wa mtu alikuwa salama. Katika kibuyu cha mtoto hapakuwa na kitu. Tunalieleza hili bila kumlaumu ofisa yeyote, bali kwa kuwa linaonyesha jinsi umaskini wa kijijini unavyoweza kuongezwa na mpango mzuri ambao aliyeupanga hakumuuliza mama ni saa ngapi humnywesha mtoto wake.

Amani ile haikudumu. Kuanzia mwaka 2019 uvamizi ulirudi kwa kishindo, na mwezi wa Julai 2021 jeshi likaanzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Mwaka 2022 mambo matatu yalikutana: ng'ombe walikuwa wameibwa, mvua ilikuwa imechelewa, na bei ya chakula ilikuwa imepanda. Kipimo cha usalama wa chakula kilichotolewa mwaka huo kilionyesha kwamba watu wapatao 518,000 wa Karamoja, yaani wapata 4 katika kila 10, walikuwa katika hali ya njaa ya hatari. Huko Kaabong, Kotido na Napak watu walikufa. Hata kabla ya njaa hiyo, hesabu za taifa za mwaka 2019/20 zilikuwa zimeonyesha kwamba katika kila watu 100 wa Uganda, 20 walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Katika Karamoja walikuwa zaidi ya 65. Msomaji na azitafakari tarakimu hizo mbili. Nchi ni moja, bendera ni moja, na mshahara wa konstebo ni ule ule awe Moroto au Masaka. Lakini mtoto azaliwaye Moroto huzaliwa katika hesabu nyingine kabisa.

Hata hivyo njaa peke yake haimtoi mtu kijijini akaenda moja kwa moja kukaa barabarani. Mjini watu hudhani hivyo kwa kuwa wao huuona mwisho tu. Kuna ngazi ndefu ambayo mwanamke huishuka kidato kwa kidato, na kila kidato hujaribu kusimama.

Maziwa yakikosekana hutegemea mtama. Mtama ukiisha ghalani, kwa kawaida kati ya Mei na Julai kabla ya mavuno mapya, huanza kuuza kuni na mkaa. Askari wamewaona wanawake hao wakipita alfajiri na magunia kichwani kuelekea Moroto au Matany. Na hapo pia hukutana na amri za kukataza ukataji wa miti, ambazo ni za haki, lakini hazielezi ale nini. Wengine huchimba dhahabu na kuvunja mawe ya marumaru huko Rupa, kwa malipo madogo na kwa kuhatarisha maisha yao ndani ya mashimo. Wengine hupika pombe ya mtama, wakaiuza, na machicha yake wakawapa watoto yawe chakula. Mtoto aliyelala saa nne za asubuhi mlangoni hajachoka, ndugu askari, amekula machicha. Kisha huja lejaleja, yaani kibarua cha kulima mashamba ya watu wengine huko Teso au Lango, kwa ujira wa siku au kwa debe la muhogo. Lejaleja hii ndiyo humfundisha mwanamke kupanda gari na kulala ugenini. Mashamba ya Teso yakiwa nayo yamekaushwa na jua, kibarua hakuna, na njia iliyobaki ni kusonga mbele.

Hata akifika Kampala, wa kwanza kuombwa si wewe mwenye gari. Wanawake wengi wa Karamoja hujaribu kwanza kazi. Huokota mahindi na maharagwe yaliyomwagika penye mashine za kusaga za Kisenyi, wakayapepeta na kuyauza. Hufagia, hubeba mizigo, huosha vyombo. Kwa mapato hayo hulipa mahali pa kulala na kununua unga kidogo. Mtoto huwekwa barabarani pale hesabu hiyo isipotimia, nayo mara nyingi haitimii. Na hapo ndipo mjini pamfundishapo jambo baya: ya kuwa mkono wa mtoto wa miaka minne huchuma kuliko mgongo wa mama yake. Fundisho hilo hakutoka nalo Napak. Amelipata kwetu sisi tunaotupa sarafu kupitia dirishani ili tuondoke na dhamiri nyepesi.

Na palipo na faida pana watu wa kuitafuta. Imeripotiwa mara nyingi kwamba wako watu wazima waendao vijijini Napak, wakawaahidi wazazi kuwa mtoto atasomeshwa au atapewa kazi ya nyumbani, kisha mtoto huyo akawekwa barabarani na jioni akanyang'anywa alichokipata. Wengine hukodishwa kwa siku. Hili si umaskini tena, bali ni biashara inayolishwa na umaskini, na mwenye biashara hiyo ndiye anayepaswa kuogopa sauti ya buti za polisi. Kwa bahati mbaya mwenye biashara hakai kando ya taa. Anayekaa pale ni mtoto.

Hebu tutazame basi ni nani amekuwa akikamatwa. Mara kwa mara, na hasa jiji linapongoja wageni wakubwa wa mikutano, magari ya jiji na ya polisi hupita alfajiri kuwakusanya wanawake na watoto. Hupelekwa Kampiringisa huko Mpigi, au Masulita, au hurejeshwa hadi kituo cha Kobulin katika wilaya ya Napak. Barabara husafika kwa siku kadhaa. Kisha hurudi. Wengine hurudi kabla ya wiki nyingi kupita, kwa basi lile lile, kwa barabara ya lami iliyotandikwa kutoka Soroti hadi Moroto ili kuiletea Karamoja maendeleo. Konstebo aliyembeba mtoto garini Jumatatu humkuta pale pale mwezi ujao, naye hukasirika, akidhani amedharauliwa. Hakudharauliwa. Mtoto amerejeshwa kwenye zizi tupu, na zizi tupu limemsukuma tena.

Mwaka 2019 jiji la Kampala lilitunga sheria ndogo ya kulinda watoto, iliyokataza kumpa mtoto wa barabarani fedha au chakula, na kumtishia mkosaji faini ya shilingi 40,000 au kifungo cha miezi sita. Nia yake ilikuwa kuikausha biashara tuliyoitaja. Twaiunga mkono nia hiyo, ingawa hatujapata kuwaona madereva wengi wakifikishwa mahakamani. Iko pia sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu, na hii ndiyo tungependa kila konstebo aijue kwa moyo, kwa sababu inasema jambo ambalo wengi hawalitambui: ridhaa ya mzazi si kinga. Mtu aliyemchukua mtoto ili amtumikishe hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mama yake alikubali. Mama mwenye njaa hukubali mengi. Zaidi ya hayo, mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ilibatilisha baadhi ya vifungu vya zamani kuhusu wazururaji, vifungu vya enzi za ukoloni ambavyo kwavyo mtu aliweza kukamatwa kwa kuonekana maskini mahali pasipomfaa. Polisi waliozoea kutegemea vifungu hivyo wamenyang'anywa fimbo kuukuu. Sisi hatuisikitikii.

Wako watakaosema: mnatutaka tufanye nini sisi askari? Hatukuumba ukame, hatugawi bajeti. Ni kweli. Lakini mambo fulani yamo mikononi mwa askari peke yake, na hakuna waziri awezaye kuyatenda badala yake.

La kwanza na kubwa ni ng'ombe anayerudishwa. Kikosi kikifuata nyayo za wavamizi na kuwakomboa ng'ombe, kazi haijaisha mpaka ng'ombe huyo amerudi kwenye zizi la mwenyewe. Tunajua kwamba alama za ng'ombe hufutwa, kwamba wenye uongo hujitokeza kudai, na kwamba wakati mwingine hesabu iliyokombolewa hailingani na hesabu iliyofika. Kila siku ambayo ng'ombe wa maziwa anakaa kambini akingoja kutambuliwa ni siku ambayo kuna watoto hawanywi. Na kila ng'ombe apoteaye kati ya porini na kambini, apotee kwa uzembe au kwa tamaa ya mtu, huwa ni nauli ya familia moja kwenda Kampala. Tunalisema kwa maneno makali kwa sababu tunawaheshimu wasomaji wetu. Ofisa anayeandika hesabu sahihi siku ile ile, akawaita wazee wa pande zote mbili wazitambue alama, na kuwakabidhi ng'ombe mbele ya watu, huyo ameondoa ombaomba wengi barabarani kuliko gari lolote la msako.

Jambo jingine lipo kwenye vizuizi vya barabarani. Basi litokalo Karamoja hukaguliwa bunduki na risasi, na ni sawa. Lakini mtu mzima mmoja mwenye watoto wanne wasiofanana, wasioijua lugha ya safari wala jina la mahali waendako, hupita bila swali moja. Kuna polisi wa ulinzi wa mtoto na familia katika wilaya, na kuna wazee wa vijiji wenye simu. Swali la dakika tano mjini Moroto au Soroti lina thamani kubwa kuliko msako wa usiku kucha Kampala, kwa maana hapo mtoto yu karibu na kwao, anajua jina la mama yake, na yule aliyemchukua bado hajatoweka katika umati.

Na kule jijini, mkono wa polisi na uwe mwepesi. Mama anayevutwa mbele ya watoto wake hukimbia, na mtoto anayebaki peke yake ndiye wafanyabiashara wanayemtafuta. Wako askari wanaojua Ngakarimojong, baadhi yao wakiwa wenyewe wana wa Karamoja. Hawa wangetumiwa zaidi. Mtu akiulizwa kwa lugha yake ametoka kijiji gani, ng'ombe wao waliibwa lini, na ni nani aliyemlipia nauli, hutoa habari ambazo msako hauzipati kamwe.

Sisi wa magazeti nasi tuna lawama yetu. Tumechapisha picha za watoto hawa mara nyingi kila jiji linaposafishwa, lakini mwandishi wetu hupanda mara chache basi lile kwenda kutazama limeanzia wapi. Hali kadhalika wale wenye vyeo. Wananchi walifedheheka mwaka 2023 mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya watu wa Karamoja, wakiwemo vijana waliosalimisha bunduki, yalipoonekana juu ya majengo ya watu wengine, na mawaziri watatu wakafikishwa mahakamani. Kijana aliyeweka bunduki chini mwaka huo alilisikia jambo hilo redioni. Askari aliyemshawishi aiweke chini ndiye aliyebaki kijijini kujibu maswali yake.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la kalenda. Wanaporudishwa Napak, wanawake hawa mara nyingi hurudishwa wakati unaolifaa jiji: kabla ya mkutano, kabla ya sikukuu. Mvua ya Karamoja haifuati mikutano ya Kampala. Mwanamke anayeteremshwa Kobulin mwezi wa Julai hukuta wenzake wamekwisha kupalilia. Yeye hana shamba, na hatakuwa na la kuvuna hadi mwaka wa pili. Hakuna haja ya kumuuliza kwa nini amerudi mjini. Ikiwa magari ya serikali ni lazima yaende, basi na yaende Februari au Machi, na pamoja na watu yabebe mbegu za mtama na majembe, na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno. Shule za huko ambako mtoto hupewa mlo wa mchana, kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, ziarifiwe idadi ya watoto wanaokuja kabla hawajafika, ili sufuria ipimwe. Na kamanda wa kambi iliyo karibu apewe orodha ya manyata hizo, ajue ni zipi ambazo zizi lake lina mbuzi watano tu, kwa sababu hizo ndizo zitakazovamiwa kwanza.